Njia ya mpishi kuufikia mgahawa wa Kithai

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya upishi, Zanzibar

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliofuatana na vijana wenu, nanyi wahitimu ambao leo ndio wenye shughuli, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya njia anayopita mpishi mpaka akafika kuendesha mgahawa wa chakula cha Kithai. Ombi hilo limenifurahisha, kwa sababu nasikia vijana wengi wakisema wanataka kufungua mgahawa wa Kiitaliano, na ni nadra kumsikia anayetaja Kithai, ingawa sisi watu wa pwani, tuliokalia mbuzi ya nazi kabla hatujajua kusoma, tuko karibu zaidi na jiko la Bangkok kuliko jiko la Roma.

Nitawaeleza habari za watu waliopita njia hiyo, hasa mmoja wao, David Thompson wa Australia, kwa kuwa maisha yake ya kazi yanajulikana hadharani na yamechukua muda wa kutosha kutuonyesha mwanzo, kilele na makabidhiano. Katika habari zote hizo ninalo jambo moja ninalotaka mlitazame. Ujuzi wa chakula cha Kithai kwa sehemu kubwa umekaa katika mikono na ndimi za watu, hasa wanawake wazee, na kidogo sana katika vipimo vilivyoandikwa. Kuendesha mgahawa ni kuuchukua ujuzi huo wa mtu mmoja na kuufanya ujirudie kila usiku, kwa mikono ya vijana ambao hawakulelewa na mtu huyo, mbele ya wageni ambao hawana subira. Hapo ndipo wengi hukwama, na waliovuka walivuka kwa namna tofauti.

Thompson alizaliwa mwaka 1960, na alipokwenda Thailand kwa mara ya kwanza mwaka 1986 hakwenda kutafuta ujuzi wowote. Mipango yake ya likizo ilibadilika, akajikuta huko. Akaipenda nchi, akarudi kuishi. Angeweza kufanya wanavyofanya wapishi wengi wa kigeni hadi leo, yaani kujifunza vyakula vichache vinavyopendwa na watalii kisha kurudi kwao kufungua biashara. Yeye alikwenda kukaa na mwanamke mtu mzima aitwaye Sombat Janphetchara, ambaye mama yake alikuwa mtu wa mojawapo ya majumba ya kifalme ya Bangkok, na kwake ndiko alikojifunza misingi ya mapishi.

Suala la majumba ya kifalme linahitaji maelezo kidogo, maana tukisikia chakula cha kifalme tunafikiria vyombo vya dhahabu. Katika jumba la ndani la wafalme wa Bangkok waliishi wanawake peke yao pamoja na watoto, na familia za wakubwa zilipeleka mabinti zao humo wakafunzwe adabu, kusuka mashada ya maua, kuchonga matunda na kupika. Lilikuwa kama chuo, ila halikuwa na cheti. Baada ya Mfalme Chulalongkorn kufariki mwaka 1910 maisha ya jumba la ndani yalianza kufifia, na mwaka 1932 utawala wa mfalme mwenye mamlaka yote ukafikia mwisho wake. Wanawake waliofunzwa humo walitoka na ujuzi wao wakaenda nao majumbani mwao, wakawafundisha binti zao na wasaidizi wao. Thompson alipofika, nusu karne na ushei baadaye, aliukuta ujuzi huo ukiwa umebaki kwa watu wa makamo na wazee, na vijana wa Bangkok wakiwa wameshazoea kununua chakula cha mtaani, ambacho, niseme wazi, ni kizuri mno na hakina haja ya kuonewa huruma na mtu.

Kulikuwa na chanzo cha pili, nacho ndicho kinachonivutia zaidi. Thailand kuna desturi ya kuchapisha kitabu cha kumbukumbu mtu anapofariki, kikagawiwa kwa wanaohudhuria mazishi yake. Desturi hiyo ilishika mizizi katika enzi ya Mfalme Chulalongkorn, mwishoni mwa karne ya 19, kwanza miongoni mwa wakubwa, kisha kwa watu wengine wenye uwezo. Ndani ya kitabu huwekwa wasifu wa marehemu na maneno ya dini, na mara nyingi, ikiwa marehemu alikuwa mwanamke aliyesifika kwa mapishi, huwekwa vyakula vyake. Thompson alijifunza kusoma Kithai, akavikusanya vitabu hivyo kwa wingi, akavifanyia kazi jikoni. Hebu fikirini jambo lenyewe lilivyo: mapishi ya nyumba ya mtu yanatoka hadharani siku ile ile ambapo mwenyewe hawezi tena kuulizwa swali. Na maswali hayakosi, kwa sababu waandishi wa zamani walimwandikia mtu ambaye tayari anajua. Watasema kaanga kiungo mpaka kinukie, tia tui, koleza. Kinukie namna gani? Koleza mpaka wapi? Aliyewahi kusimama kando ya mwanamke kama Sombat anaweza kujaza mapengo hayo. Asiyewahi atapata karatasi tu.

Sasa niingie jikoni, maana hapa ndipo penye kazi.

Mchuzi wa Kithai huanzia kwenye kinu cha jiwe. Hutwangwa kwanza vile vigumu na vikavu, kisha vyenye maji. Chumvi na pilipili kavu zilizolowekwa hutangulia, zikifuatwa na galangali, ule mzizi wa jamii ya tangawizi, kisha mchaichai uliokatwa vipande vyembamba, ganda la ndimu yao yenye ngozi ya mikunjo na mizizi ya giligilani. Vitunguu vidogo vyekundu na kitunguu saumu huja baadaye, na mwisho kapi, yaani uduvi uliotiwa chumvi ukaachwa uchachuke. Ukivuruga utaratibu huo, ukaanza na vitunguu, kinu kitajaa maji na mchaichai utakuponyoka chini ya mchi, na hata ukitwanga hadi usiku nyuzi zake utazikuta kinywani. Jikoni leo ziko mashine za kusaga, na sina ugomvi nazo kwa kazi kubwa, lakini mpishi ajue kwamba mashine inakata wakati mchi unaponda, na kwamba mara nyingi inataka kuongezewa maji ili izunguke. Maji hayo yatakuja kudaiwa kwenye karai, kwa sababu kiungo chenye maji huchemka kabla ya kukaangika.

Kisha linakuja tui, na hapa nawaomba wenzangu wa pwani mnisikilize kwa makini, maana ujuzi wetu wenyewe unaweza kutuponza. Sisi tunajua kukuna, tunajua kukamua kwa kifumbu, tunajua kutenga kasimile, yaani tui zito la kwanza, na tui jepesi, na mpishi wa Kithai akiingia jiko la bibi yangu hatahitaji kuelezwa chochote kuhusu vyombo, kwani hata kwao ipo mbuzi ya kukalia. Lakini sisi tumefundishwa kuliogopa tui kukatika. Tunakoroga bila kuacha, tunapunguza moto, na likikatika mpishi huona aibu mbele ya wageni. Mthai kwa michuzi yake mingi ya kukaanga analitaka likatike. Huiweka kasimile motoni peke yake, akaiacha ichemke mpaka maji yapungue na mafuta yajitenge yakielea juu, halafu ndani ya mafuta hayo hukaanga kile kiungo kilichotoka kinuni. Moshi wa kwanza huwa mkali na hukohozesha, na harufu bado ni ya vitu vibichi. Polepole ukali unatulia, harufu inaungana, mafuta yanachukua rangi ya pilipili, na hapo ndipo nyama au samaki na tui jepesi vinapofuata. Tui la kopo lililotiwa vitu vya kulizuia lisitengane halikubali kabisa kufanya hivyo, na wapishi wengi ughaibuni huishia kuongeza mafuta ya kawaida ili kuziba upungufu. Vijana mliokulia Makunduchi au Micheweni mna mtaji ambao mpishi wa London anaulipia ghali, mradi mjifunze kuitazama kasimile kwa jicho lingine.

Kukoleza ni somo la peke yake. Chumvi hutoka katika nam pla, yaani maji ya samaki wadogo waliolala kwenye chumvi kwa muda wa mwaka hivi. Uchachu hutoka kwa ndimu au ukwaju. Utamu hutoka kwa sukari inayopikwa kwa utomvu wa mnazi, ule ule ambao mgema wetu huugeuza tembo. Ukali ni wa pilipili. Kila kimoja kati ya hivyo hubadilika kwa msimu na kwa mahali kilipotoka, kwa hiyo kijiko kilekile cha jana si lazima kifae leo. Nilipofanya kazi Muscat, katika jiko la hoteli, tulikuwa na mpishi mkuu Mthai, mwanamke wa kaskazini mashariki ya nchi yao, tuliyemwita Dada. Kila jioni kabla ya milango kufunguliwa alisimama kwenye meza ya saladi na bakuli la ndimu, nam pla na sukari, akatupa kila mmoja kijiko. Hakuuliza kama tumependa. Aliuliza kipi kinafika ulimini kwanza na kipi kinabaki mwisho, na aliyekosa jibu alirudia kuonja. Ndimu zikibadilika, kwa sababu soko limeleta za nchi nyingine, aliita jiko zima tuonje upya, hata kama wageni wameshaketi. Wakati ule niliona anatuchelewesha. Leo najua alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko zote za mgahawa wa Kithai, ambayo ni kuunganisha ndimi za watu wa mataifa mbalimbali zikawa ulimi mmoja.

Turudi kwa Thompson. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifungua Sydney mgahawa wake wa Darley Street Thai, na mwaka 1995 ukafuata Sailors Thai, katika jengo lililokuwa zamani makazi ya mabaharia. Mnamo 2001 alihamia London kufungua Nahm ndani ya hoteli ya Halkin, na haukupita muda mrefu mwaka 2002 ukapata nyota ya Michelin, mwongozo wa kimataifa unaopima migahawa, ukiwa mgahawa wa kwanza wa Kithai kuipata. Magazeti yaliandika sana kuhusu nyota hiyo. Mimi navutiwa zaidi na kitu ambacho hakionekani kwenye magazeti, nacho ni namna mgahawa wa Kithai unavyogombana na desturi za migahawa ya Ulaya. Mlo wa Kithai huwekwa mezani wote kwa pamoja: wali katikati ya mambo, mchuzi mmoja, supu moja, kitu cha kukaanga au kuchoma, saladi yenye ukali, na labda kachumbari ya pilipili na mboga mbichi. Watu hushirikiana, na kila chakula kinamsaidia mwenzake, mchuzi mzito ukisafishwa kinywani na supu yenye uchachu. Mgeni wa London amezoea kuanza na sahani ndogo, ikaondolewa, ikaja kubwa, kila mtu na yake. Mtu akiagiza mchuzi mkali peke yake kama sahani kuu, ataona umezidi chumvi, na hatakuwa amekosea, kwa sababu haukupikwa uliwe peke yake. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mpishi, mwenye mgahawa wa Kithai hulazimika kumfundisha mhudumu, ili ajue kumshauri mgeni bila kumdhalilisha.

Na jikoni nako mambo yanapinduka. Oda moja ya meza ya watu wanne inagusa karai, sufuria ya mchuzi, makaa, mvuke na meza ya saladi, na vyote vinatakiwa kutoka kwa wakati mmoja, vile vya moto vikiwa moto na saladi ikiwa imechanganywa dakika ile ile, maana ikikaa inatoa maji na kulegea. Katika jiko la Kifaransa mpishi wa mchuzi anaweza kuandaa mapema na kupasha. Katika jiko la Kithai kazi ya mapema ni nyingi kupita kiasi, kutwanga, kukamua, kukata, kuchambua majani, lakini bado dakika za mwisho zinahitaji mtu anayejua kuonja. Hapo ndipo gharama za mishahara zinapopanda, na hapo ndipo wenye hesabu nyepesi hufunga.

Mwaka 2010 Thompson alifungua Nahm ya Bangkok. Baadhi ya wapishi na waandishi wa huko walikasirika kusikia kwamba mgeni amekuja kuwafufulia chakula chao, na mimi siwalaumu. Angekuja mtu hapa Unguja kutuambia anaokoa pilau yetu, tungemsikiliza huku tumekunja uso. Hata hivyo nadhani hasira hiyo ilikosa kutazama jambo moja. Mthai Duangporn Songvisava na mume wake Dylan Jones, ambaye ni Mwaustralia, walifanya kazi Nahm ya London kabla ya kufungua mgahawa wao wa Bo.lan huko huko Bangkok mwaka 2009. Ujuzi uliotoka nyumbani kwa Sombat ulipita Sydney na London ukarudi mikononi mwa kijana wa Kithai, aliyeupokea kwa masharti yake mwenyewe. Nahm ya Bangkok ilitangazwa kuwa ya kwanza katika orodha ya migahawa 50 bora ya Asia mwaka 2014. Ile ya London ilikuwa imeshafungwa mwishoni mwa 2012, katika kipindi ambacho ukaguzi wa mboga na majani yanayoingia Ulaya kutoka Thailand ulikuwa umekazwa. Wahitimu, andikeni hilo mahali. Mgahawa wenye nyota unaweza kutikiswa na ofisa wa uwanja wa ndege anayetafuta wadudu kwenye fungu la mrehani.

Mwaka 2018 Thompson aliondoka Nahm, na aliyekabidhiwa jiko ni Pim Techamuanvivit, mzaliwa wa Bangkok ambaye hakupitia chuo cha upishi hata kidogo. Alikwenda Marekani kusoma, akafanya kazi katika kampuni za teknolojia za California, akawa mwandishi wa mambo ya chakula, kisha mwaka 2014 akafungua San Francisco mgahawa wa Kin Khao, uliopata nyota mwaka uliofuata. Sisemi hivyo kuwakatisha tamaa ninyi mliotoka kupokea vyeti. Nasema kwa sababu Pim alikuwa na kitu ambacho cheti hakitoi, yaani kumbukumbu ya ladha ya nyumbani kwao iliyo wazi kiasi kwamba aliweza kukaa mbele ya sufuria na kusema bado. Ninyi mnacho kitu hicho kwa chakula cha hapa. Kwa chakula cha Kithai itabidi mkitafute.

Yuko Mmarekani aliyekitafuta bila jina wala mtaji. Andy Ricker alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba katika jiji la Portland, Oregon. Alianza kufika Thailand kama mtalii wa mkoba mgongoni mwaka 1987, na chakula alichokula Chiang Mai miaka michache baadaye kikamfanya arudi mara kwa mara kujifunza vyakula vya kaskazini. Mwaka 2005, kwa fedha za mkopo, alianzisha Pok Pok kama kibanda kwenye nyumba aliyoinunua, akiuza kuku wa kuchoma kwa makaa na saladi ya papai bichi. Chakula kilichompatia wateja wengi zaidi hakikuwa hata cha Kithai: ni mabawa ya kuku kwa mtindo wa Kivietinamu aliyoyapata kwa mmoja wa wafanyakazi wake. Naliona hilo kama zawadi kwa kila mwenye mgahawa, kwani chakula kimoja kinachouzika bila maelezo hulipia vyakula kumi vinavyohitaji kuelezwa. Mwaka 2011 alipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, ya mpishi bora wa eneo lake. Akafungua matawi Portland, akaenda New York, akaenda Los Angeles. Ya Los Angeles ikafungwa 2017, ya New York 2018, na ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya migahawa mwaka 2020, akatangaza kwamba Pok Pok yote imekwisha. Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Ricker hakulitia maji hata siku moja. Alichofanya ni kulipeleka tembo lilelile kwenye vilabu vingi, kila kimoja kikiwa na pango lake na jiko linalohitaji ulimi wake, na ulimi ulikuwa mmoja.

Mkitaka kuona upande wa pili kabisa, nendeni kwa Supinya Junsuta, anayejulikana kwa jina la Jay Fai, katika mji mkongwe wa Bangkok. Duka lake liko wazi barabarani, yeye mwenyewe amesimama mbele ya majiko ya mkaa, amevaa miwani mikubwa ya kuzuia mafuta yanayoruka, anageuza kimanda kinene kilichojaa nyama ya kaa. Mwongozo wa Michelin ulipotoka kwa mara ya kwanza Bangkok, Desemba 2017, ulimpa nyota, naye wakati huo alikuwa ameshapita umri wa miaka 70. Foleni ikawa ya saa nyingi, bei zake ni za juu, na bado karai analishika mwenyewe. Yeye hakuhangaika kuueneza ujuzi kwa mikono mingi. Alikubali kwamba mgahawa wake ni mkubwa kadiri mikono yake miwili inavyofika, akapanga bei kwa kufuata ukweli huo. Wachumi wanaweza kumcheka. Mimi naona ni hesabu safi, ila mwenye kuichagua ajue kwamba siku akiugua mlango haufunguki.

Kati ya hao wawili yuko Supaksorn Jongsiri, aliyejifunza vyakula vya kusini ya Thailand kwa bibi yake, akafungua Sorn mjini Bangkok mwaka 2018. Novemba 2024 Sorn ilipewa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa, ikawa mgahawa wa kwanza wa Kithai kufikia daraja hilo popote duniani. Chakula cha kusini ni kikali, kina manjano mengi, kina samaki na uduvi uliochachuka, na kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa chakula cha wavuvi na wakulima, kisichofaa mezani kwa wageni wa heshima. Ningewaomba mfikirie hilo wakati mwingine mtu akiwaambia kwamba mchuzi wa papa hauwezi kuuzwa hotelini.

Mmeniandikia mapema swali la kama inawezekana kufungua mgahawa wa Kithai hapa Zanzibar au Dar es Salaam, na nitalijibu kwa mambo ya kazi. Nazi, mchaichai, ukwaju, ndimu, papai bichi, samaki na pilipili mnavyo, tena vizuri kuliko vya Ulaya. Mrehani wetu ni ndugu wa mrehani wao, ila si ule ule, kwa hiyo tafuteni mbegu mpande. Galangali na ndimu yao ya mikunjo pia ni vya kupanda, na mti wa ndimu hiyo unataka muda, basi upandeni leo hata kama mgahawa ni wa miaka mitano ijayo. Nam pla na kapi mtaagiza nje, na muulizie cheti cha halali kwa vyote vinavyofungwa kiwandani, kwa kuwa wateja wenu wengi watauliza, na Thailand, yenye Waislamu wengi mikoa ya kusini, inazalisha bidhaa zenye alama hiyo. Chakula cha kuanzia nawapendekezea mchuzi wa massaman, wenye iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba na kungumanga juu ya tui na ukwaju. Viungo hivyo vilifika Siam, jina la zamani la Thailand, kwa njia za wafanyabiashara Waislamu wa bahari hii hii yetu, na mteja wa Darajani atakapouonja atadhani anaujua, ambayo ni nafasi nzuri ya kumpeleka kwenye kitu asichokijua.

Serikali ya Thailand tangu mwaka 2002 imekuwa na mpango wa kueneza migahawa ya nchi yake duniani, na Wizara yao ya Biashara hutoa alama ya Thai Select kwa migahawa inayokidhi masharti. Alama hiyo ina faida kwa watalii wanaotafuta kitu wanachokiamini. Mpango huo pia ni sababu mojawapo ya orodha za vyakula kufanana mno kutoka mji hadi mji, mchuzi wa kijani, mchuzi mwekundu, pad thai ambayo ni tambi za kukaanga, tom yam ambayo ni supu ya uchachu na pilipili, na kwa maoni yangu kijana anayeanza asiogope kuwa na orodha fupi isiyofanana na hizo.

Lakini kabla ya pango na leseni, tafuteni mtu. Kazi ziko Muscat, Doha na Dubai katika majiko yenye Wathai, na wapishi wa huku wanaajiriwa huko kila mwaka. Ukipata nafasi, usiombe kukaa kwenye karai penye moto na sifa. Omba kukaa na mama anayetwanga na kukamua, mwulize mambo kwa Kithai hata cha kubabaisha, na andika vipimo vyake kila siku, kisha kando ya vipimo andika alivyosema baada ya kuonja, kwa sababu hicho cha pili ndicho mtakachokitafuta mkiwa na jiko lenu. Na mkishakuwa nalo, mtu wa kinu na nazi mlipeni sawa na mtu wa karai. Migahawa mingi humlipa kidogo kuliko wote kwa kuwa hufika alfajiri na kuondoka kabla wageni hawajaja, hivyo hakuna anayemwona, na anapopata kazi ya mshahara bora kwingine, mwenye mgahawa hugundua wiki ile ile kwamba mchuzi wake umehama.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.